Akiba Haiozi, Lakini Diski Huoza: Tulivyochagua Kompyuta ya Kuhariri Picha na Video

Usiku wa kuamkia Jumamosi moja ya Februari, diski ya nje ya klabu yetu ilianza kulia kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Tik, tik, tik, kisha kimya. Nilikuwa peke yangu katika kile chumba kidogo tulichopewa na idara, nikihariri mahojiano tuliyoyafanya London na bibi mmoja wa Kibarawa. Nikadhani waya umelegea. Nikauchomoa, nikauchomeka tena. Kompyuta ikajibu kwamba haioni diski yoyote.

Wanachama wa zamani mnaujua mradi wenyewe, lakini kwa ajili ya wenzetu wa mwaka wa kwanza nitaueleza kidogo. Tunarekodi kumbukumbu za wazee wanaozungumza Kiswahili hapa Uingereza: Wazanzibari waliokuja baada ya Mapinduzi ya 1964, Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na Wabarawa waliokimbia vita vya Somalia vilivyopamba moto mwaka 1991. Bibi yetu ni wa kundi hili la mwisho. Anazungumza Chimwiini, lahaja ya mji wa Barawa, ambayo hata jina lake linakuonyesha "chi" pale ambapo sisi tunasema "ki". Siku ile alikuwa akishona kofia ya mkono, na kila aina ya tundu na nakshi akiitaja kwa jina la kwao. Mwalimu wetu wa isimu alikuwa ameanza kuyaandika majina hayo daftarini. Alifika la saba, akafunga kalamu ili amtazame bibi akishona. "Mengine nitayatoa kwenye video," alisema.

Video yenyewe, saa moja na nusu kwa kamera mbili, ilikuwa katika diski ile moja tu.

Kwa nini moja? Kompyuta ya klabu, tuliyoirithi kutoka ofisi iliyokuwa ikihama, ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 256 tu ndani yake, na sehemu kubwa ilikwisha kuliwa na mfumo endeshi na programu. Mahojiano hayakuenea. Tukazoea kuhariri moja kwa moja kutoka diski ya nje, na kadi za kamera tukizifuta ili zitumike wiki inayofuata. Fundi wa kufufua diski tuliyemwendea alitutajia gharama iliyozidi fedha zote za klabu, tena bila ahadi ya kufanikiwa. Tukarudi na diski yetu mfukoni.

Nayaeleza haya mwanzoni kwa sababu makala za kompyuta huanza na mashine. Yetu inaanza na hasara, na kila tulichokinunua baadaye tulikipima kwa hasara hiyo.

Kikao cha kambi tatu

Usiku wa Chakula wa mwezi Machi uliuza pilau, sambusa na mandazi hadi sufuria zikakwanguliwa. Tukiongeza ruzuku ndogo ya chama cha wanafunzi, mweka hazina alitutangazia pauni 1,500. Kikao cha kuamua kompyuta gani inunuliwe kikaanza saa kumi na moja jioni, na saa mbili usiku bado tulikuwa tunabishana.

Kambi ya kwanza ilitaka mashine ya wacheza gemu: kasha la kioo, taa za rangi zote za upinde wa mvua, na kadi ya michoro ambayo peke yake ingekula zaidi ya nusu ya fedha. Kambi ya pili ilitaka Mac na haikutaka kusikia jingine. Kambi ya tatu iliuliza kwa nini tusinunue kompyuta mpakato, tuibebe hadi kwa wazee wenyewe. Kila kambi ilikuwa na mtu aliyetazama video nyingi za mapitio na kukariri namba za modeli kama anayekariri ngeli za nomino.

Mwalimu wetu wa fasihi simulizi, aliyekuwa kimya muda wote akisahihisha insha pembeni, akainua kichwa. "Wanangu, hiyo kompyuta mnataka ifanye nini hasa?"

Tukajibu kwa pamoja: "Kuhariri video, Mwalimu!"

"Video gani? Za muda gani? Nani atahariri, na ile mliyo nayo inakwama wapi?"

Hakuna aliyejibu. Kikao kikaahirishwa kwa wiki mbili, na mimi nikapewa kazi ya kutafuta majibu.

Mgonjwa apimwe kwanza

Jambo la manufaa kuliko yote niliyojifunza halikugharimu hata senti. Kompyuta yako ya zamani inaweza kukueleza yenyewe inaumwa wapi. Katika Windows fungua Task Manager, katika Mac fungua Activity Monitor, kisha fanya kazi yako ya kawaida huku ukitazama vipimo vinne: prosesa, RAM, diski na kadi ya michoro. Kinachofika asilimia 100 na kukaa hapo, huku vingine vikipumzika, ndicho kinachokuchelewesha.

Nilichukua dakika kumi za mahojiano ya mzee mmoja wa Unguja, nikazihariri kwenye mashine yetu kongwe huku nimeshika kalamu. RAM yetu ya gigabaiti 8 ilijaa kabla sijakata hata kipande cha kwanza. Kompyuta ikikosa RAM huanza kuazima nafasi kwenye diski, na diski ni ya polepole mno kulinganisha na RAM. Ndiyo maana diski nayo ilipanda hadi juu, wakati kadi ya michoro haijatoka jasho. Kama tungewasikiliza wenzetu wa kambi ya taa, tungemnunulia mgonjwa wa tumbo miwani ya bei ghali.

Baada ya hapo nikaandika kazi zetu kwenye karatasi. Tuna kamera mbili za kuazima kutoka chuoni, zinazorekodi 4K, yaani nukta 3,840 kwa 2,160, mara nne ya zile za Full HD. Kila moja hutumia megabiti 100 kwa sekunde. Fanya hesabu: hiyo ni takriban gigabaiti 45 kwa saa kwa kamera moja. Mahojiano ya saa moja na nusu kwa kamera mbili ni gigabaiti 135. Tukipanga wazee kumi na wawili kwa mwaka, tunapita terabaiti 1.6, kabla ya picha za mnato na sauti. Hesabu hii ya dakika tano ndiyo iliyopaswa kufanywa kabla ya kurithi kompyuta yenye gigabaiti 256.

Kwa nini faili dogo huichosha mashine kubwa

Mwenzetu mmoja aliuliza swali zuri: mbona simu yake inacheza video za 4K bila shida, na kompyuta inakwama kuzihariri?

Jibu liko katika namna video inavyobanwa. Mitindo miwili iliyoenea, H.264 ya mwaka 2003 na H.265 ya mwaka 2013, haihifadhi kila picha kamili. Huhifadhi picha moja nzima, kisha kwa zinazofuata huandika mabadiliko tu. Ni kama katibu mvivu anayeandika kumbukumbu za kikao hivi: "Kama kikao kilichopita, isipokuwa mwenyekiti amevaa koti." Daftari linakuwa jembamba, lakini ukitaka kujua kilichojiri kikao cha kumi na mbili, huna budi kurudi nyuma na kusoma vyote.

Kutazama ni kusoma daftari kwa mpangilio, ukurasa kwa ukurasa. Kuhariri ni kurukaruka: mbele, nyuma, kata hapa, rudi kule, tena kwa kamera mbili kwa wakati mmoja. Kila mruko unailazimu kompyuta ijenge upya picha kutokana na vipande.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni bure: kutengeneza nakala nyepesi. Programu nyingi za kuhariri, kama DaVinci Resolve na Premiere Pro, zinaweza kutengeneza toleo dogo la kila video, ukahariri kwa hilo, na wakati wa kutoa kazi ya mwisho programu ikarejea kwenye video asilia. Mashine ya kawaida kabisa ikitumia njia hii inahariri 4K bila kukwama. Ya pili ni kununua mashine ambayo ndani yake kuna sehemu maalumu ya kufumbua aina ya video unayoitumia. Maneno "aina ya video unayoitumia" ndiyo yaliyotugharimu siku tatu za kusoma.

Sehemu kwa sehemu

*Prosesa.* Intel waliingiza sehemu yao ya kufumbua video, Quick Sync, kwenye prosesa za kawaida mwaka 2011. Lakini tahadhari: prosesa za Intel za mezani ambazo jina lake huishia na herufi F hazina michoro ya ndani, kwa hiyo hazina Quick Sync. Huuzwa nafuu kidogo, na mcheza gemu hapotezi kitu. Mhariri wa video anapoteza sehemu aliyoihitaji kuliko zote. Herufi moja tu!

Kamera zetu hurekodi H.265 ya biti 10 kwa mpango wa rangi uitwao 4:2:2, unaohifadhi habari za rangi kuliko video za kawaida za simu. Kadi nyingi za michoro, hata za bei kubwa, hazikuwa na uwezo wa kufumbua aina hiyo. NVIDIA waliuongeza katika kadi zao za GeForce za familia ya RTX 50 mwaka 2025. Quick Sync ya Intel ilikuwa nao tangu kizazi cha 11. Kwa hiyo prosesa ya bei ya wastani ingeweza kutushughulikia vizuri zaidi kuliko kadi ya kifahari ya miaka michache nyuma. Kama wewe unarekodi kwa simu tu, usijisumbue na aya hii.

Kuhusu wingi wa viini vya prosesa: kuhariri picha za mnato kunapenda kasi ya kila kiini, na kutoa video ya mwisho kunapenda viini vingi. Prosesa ya tabaka la kati hutosha kwa yote mawili.

*RAM.* Picha ya megapikseli 24 ikifunguliwa kwa biti 16 kwa kila rangi huchukua takriban megabaiti 144, na kila tabaka unaloongeza juu yake linaweza kuchukua kiasi hicho tena. Fungua picha tano zenye matabaka, weka na kivinjari chenye kurasa ishirini, na gigabaiti 8 zimekwisha. Gigabaiti 16 ni mahali pa kuanzia. Sisi tuliamua 32, katika vipande viwili, maana prosesa hufanya kazi haraka zaidi ikivuta kutoka vipande viwili kuliko kimoja. Tukahakikisha pia mazabodi ina nafasi mbili tupu za kuongezea. Kumbuka kwamba DDR4 na DDR5 haziingiliani. Huwezi kuchukua RAM ya mashine ya zamani ukaipachika popote.

*Kadi ya michoro.* Umuhimu wake unategemea programu. DaVinci Resolve huiegemea sana, hasa katika kusahihisha rangi. Kwa Photoshop na programu za picha, kadi ndogo yatosha. Tulichagua ya wastani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Kambi ya taa ilinuna kwa siku moja.

*Diski za ndani.* Hadidiski ya kuzunguka husoma takriban megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde. SSD ya SATA hufika kama 550. SSD za NVMe, zile zinazofanana na kipande cha chingamu, huanzia kwenye elfu kadhaa. Wauzaji watakushawishi ununue ya kasi kuliko zote. Lakini rudi kwenye hesabu yetu: kamera mbili za megabiti 100 zinahitaji megabaiti 25 tu kwa sekunde. SSD ya kawaida ya NVMe inatosha na kubaki. Ukiwa na pauni za ziada, nunua ukubwa, usinunue kasi. Tuliweka moja ya terabaiti 1 kwa mfumo na programu, na nyingine ya terabaiti 2 kwa kazi inayoendelea.

Skrini na kofia nyeupe

Katika kikao kile cha kwanza hakuna aliyetaja skrini hata mara moja. Na hili ni kosa la wengi: kununua sanduku la maelfu, kisha kulitazama kupitia kioo cha bei ya chakula cha jioni.

Fikiria picha zetu zilivyo. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Bibi aliyevaa buibui jeusi, ameketi karibu na dirisha. Ngozi nyeusi yenye mikunjo ambayo kila mmoja una habari yake. Kwenye skrini mbovu, nakshi za kofia zinamezwa na weupe, buibui linakuwa bonge la giza, na wewe ukidhani picha ni nyeusi mno unaipandisha mwanga. Kisha ukiituma kwa watu, mzee anaonekana amepauka kama aliyepakwa unga.

Tafuta skrini ya aina ya IPS, inayoonyesha rangi zote za sRGB au karibu zote. Ukichapisha picha kwa wingi, ulizia na Adobe RGB. Inchi 27 zenye nukta 2,560 kwa 1,440 zilitutosha. Si lazima skrini iwe ya 4K ili uhariri 4K. Halafu irekebishwe kwa kifaa cha kupimia rangi. Kifaa hicho si lazima ukinunue, kwani idara za sanaa na upigaji picha vyuoni mara nyingi huwa nacho. Tuliomba, tukaazimwa kwa alasiri moja. Kuuliza si ujinga.

Njia tatu mezani

Kikao cha pili kilikuwa kifupi, kwa kuwa sasa tulikuwa na karatasi yenye kazi, vipimo na hesabu.

Njia ya kwanza ilikuwa kompyuta ya ofisi iliyotumika. Ni nafuu mno, na mwanafunzi anayehariri picha na video za Full HD anaweza kuifurahia. Ila tazama mambo mawili. Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel kwa ujumla inataka prosesa ya kizazi cha 8 na kuendelea, pamoja na TPM 2.0. Jambo la pili, yale makasha membamba ya ofisini hayapokei kadi kubwa ya michoro, na pawasaplai zake ni ndogo.

Njia ya pili ilikuwa Mac mini. Yenye chipu ya M4, ilipotoka Novemba 2024, ilianzia pauni 599 ikiwa na gigabaiti 16 za RAM. Hapa kambi ya pili ilikuwa na hoja nzito: ni kimya, inakula umeme kidogo, na inafumbua aina yetu ya video bila taabu. Kama ningekuwa nanunua yangu mwenyewe, labda ningeichukua. Lakini RAM yake huwezi kuiongeza baada ya kununua, na ile ya bei hiyo ilikuja na hifadhi ya gigabaiti 256. Namba hiyo iliposomwa, chumba kizima kilicheka. Tulikuwa tunaifahamu.

Njia ya tatu ilikuwa kasha la kawaida la mezani lenye nafasi ya kuongeza vitu kidogo kidogo, na ndiyo iliyopita. Klabu hubadilisha uongozi kila mwaka, na fedha zetu huja kwa sufuria moja ya pilau baada ya nyingine. Mashine inayoweza kuongezwa RAM mwaka huu na diski mwaka kesho inafanana na mfuko wetu. Kompyuta mpakato ilikataliwa kwa sababu nyepesi: kifaa cha wote kinachobebeka hubebwa.

Kwa programu tulichagua DaVinci Resolve. Toleo la bure lina uwezo mkubwa, na la kulipia hulipiwa mara moja badala ya kila mwezi. Leseni za chuo za programu nyingine hukoma ukihitimu, na sisi tunataka miradi ifunguke hata wahariri wakishaondoka. Kwa picha, GIMP na darktable hazina malipo, na kwa sauti tunayo Audacity.

Mashine yenyewe, prosesa, RAM, kadi na SSD zote, ilichukua zaidi kidogo ya nusu ya fedha. Zilizobaki zilienda kwenye skrini, leseni na jambo la mwisho nitakalolieleza sasa hivi.

Kwanza neno kwa wanunuzi. Ukinunua mtandaoni hapa Uingereza, kwa kawaida una siku 14 tangu upokee mzigo kubadili nia, na kifaa kikiwa na kasoro una siku 30 za kukikataa na kurudishiwa fedha zako. Tumia siku hizo: hariri kazi yako halisi kuanzia siku ya kwanza, usiache boksi chini ya kitanda hadi likizo. Na wanaopanga kurudi na mashine nyumbani, plagi ya hapa yenye pini tatu bapa ndiyo ileile ya Dar es Salaam na Mombasa. Ongeza tu kifaa cha kuukinga na umeme unaopanda na kushuka.

Nakala tatu

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh aliieneza kanuni inayoitwa 3-2-1: uwe na nakala tatu za kila faili, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae mahali pengine kabisa. Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Diski ni kinyume chake: huoza zikiwa kabatini, huanguka mezani, huibwa kwenye treni. Akiba yetu ni idadi ya nakala.

Hivi ndivyo tunavyofanya. Tukirudi kutoka kwa mzee, usiku uleule video huingia kwenye SSD ya kazi, kisha hunakiliwa kwenye hadidiski mbili za nje za terabaiti 8. Moja hukaa chumbani kwetu. Ya pili hukaa ofisini kwa Mwalimu, jengo jingine. Sauti na tafsiri zilizoandikwa, ambazo ni nyepesi, hupanda pia kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo. Kadi ya kamera haifutwi mpaka watu wawili wamefungua nakala zote na kutazama mwanzo, katikati na mwisho wa kila faili, kisha wakatia sahihi kwenye daftari. Daftari la karatasi, ndiyo. Mpaka sasa halijawahi kukataa kufunguka.

Ukiwa huna fedha za kompyuta mpya mwaka huu, nunua hadidiski ya pili kwanza. Mashine ya polepole itakupotezea jioni. Diski moja inaweza kukupotezea mtu.

Tuliporudi

Mwezi Mei tulirudi kwa bibi. Tulikuwa tumempigia simu na kukiri kilichotokea, na mimi nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi tena ana kwa ana. Alitukaribisha kwa chai na halua, akatusikiliza, akasema, "Wajukuu zangu, vitu hupotea. Mimi nimepoteza mji."

Lakini macho yake yalikuwa yamepungua tangu Februari. Sindano hakuiweza tena. Tukakubaliana kwamba binti yake ashone, yeye ataje majina. Alitaja tisa. Mawili kati ya yale saba yaliyokuwa daftarini hayakumjia tena, na Mwalimu alipomsomea, aliyatambua moja akalirudia kwa furaha, la pili akalisikiliza kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa. Ni mangapi aliyoyataja Februari baada ya Mwalimu kufunga kalamu, hatutajua.

Tulihariri mahojiano yale kwa jioni tatu. Kompyuta haikukwama. Katika skrini mpya, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe unaonekana tundu kwa tundu, na unaweza kufuata kidole cha binti kikisubiri mama yake akumbuke. Diski iliyokufa bado iko kwenye droo ya meza, imefungwa kwa karatasi yenye tarehe. Kila mhariri mpya huonyeshwa hiyo kwanza, kabla hajaonyeshwa kitufe cha kuwashia mashine.